Jipu gani inapita potopoto? Land Cruiser, Land Rover na zingine kwenye barabara za Kivu Kaskazini

Katika muji wa Goma kila motokari yenye kusimama juu kidogo inaitwa jipu. RAV4 ni jipu, Prado ni jipu, Land Cruiser ya shirika ni jipu. Kwenye barabara za muji, kati ya Birere na Himbi, tofauti yao haionekani sana: mawe ya volkano yanazisumbua zote, na zote zinapita. Tofauti inaonekana kisha Sake, kilometa karibu 25 upande wa mangaribi, pale barabara ya udongo inapopanda Mushaki. Mvua ikinyesha saa moja tu, jipu zinaanza kugawanyika: zenye kupanda, na zenye kurudi nyuma zikitafuta mufereji.

Si mabishano ya washabiki tu. Mama mujamuzito anayetolewa kituo cha afya kwenda hospitali kubwa anategemea jibu. Ni vilevile kwa muchuuzi mwenye viazi na fromaji ya Masisi, na kwa mutu aliyeuza ngombe zake ili anunue motokari ya kukodisha. Akikosea kuchagua, hatajua kwenye parki ya wauzaji. Atajua kwenye mulima, usiku, na watu ndani.

Kwanza, potopoto si moja

Kwenye milima ya Masisi mvua inafanya udongo wa juu uwe kama sabuni, lakini sentimita chache chini yake udongo unabaki mugumu. Hapo jipu haizami, inateleza. Hatari ni kwenda pembeni, kwenye bonde. Jua likitoka, baada ya saa moja ao mbili barabara inaanza kushika tena, na mashofere wenye uzoefu wanapenda kungoja kuliko kujaribu bahati.

Walikale ni jambo lingine. Kule ni pori, mvua inanyesha karibu mwaka muzima, miti inafunika barabara, na udongo haupati wakati wa kukauka. Kamyo zenye muzigo zimechimba mifereji miwili mirefu, na katikati yake kumebaki mugongo wa udongo. Jipu fupi ikiingia humo inakalia tumbo: magurudumu yanazunguka, motokari haiendi mbele wala nyuma. Basi mutu akiuliza jipu gani ni nguvu, inafaa naye aulizwe: nguvu ya kwenda wapi?

Kwa nini hata jipu ya magurudumu manne inakwama

Kila motokari ina diferansieli, chombo chenye kuacha magurudumu ya kushoto na ya kuume yazunguke kwa mwendo tofauti kwenye kona. Kwenye lami ni chombo kizuri. Kwenye potopoto ni adui, kwa sababu nguvu inakimbilia gurudumu lenye kuteleza, na lile lenye kushika udongo linasimama. Ndiyo maana watu wanaona jipu imekwama, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yanazunguka bure, yale mengine mawili yametulia kabisa. Dawa yake ni blokaji, yaani kufunga diferansieli ili magurudumu yaende pamoja. Si kila jipu iko nayo.

Kitu cha pili ni vitesi fupi, zile za fimbo ndogo pembeni ya ile kubwa. Zinaacha motokari ipande polepole sana lakini kwa nguvu, bila kuunguza ambriyaji. Motokari isiyo na vitesi fupi, hata kama imeandikwa 4x4 nyuma, si ya kupeleka Masisi wakati wa mvua.

Land Cruiser

Ile yenye watu wa Goma wanajua zaidi ni aina ya 70, iliyotolewa na Toyota mwaka 1984 na inayotengenezwa mpaka leo bila kubadilika sana sura. HZJ78 ni ile ndefu, yenye viti vya pembeni nyuma. HZJ79 ni pick-up. Zote mbili zinatumia injini ya 1HZ iliyoanza mwaka 1990: mazutu, silinda 6, lita 4,2, bila turbo. Pompi yake ya mazutu ni ya mekaniki, haina kompyuta, na inavumilia mazutu ya madumu kuliko injini za siku hizi. Haikimbii, na inakunywa. Lakini inavuta kutoka chini kabisa, na kwenye potopoto hicho ndicho kinachotakiwa.

Nyuma iko na malame, mbele iko na resori tangu mwaka 1999. Malame yanabeba muzigo vizuri, lakini ni magumu: kwenye shimo refu gurudumu la nyuma linabaki hewani upesi, na hewani gurudumu halina kazi. Kisha, magurudumu ya mbele hayafanye kazi mpaka shofere ayaunganishe kwa fimbo, na kwenye motokari nyingi za aina hiyo anapaswa kushuka azungushe kwa mukono vifungo vya katikati ya magurudumu ya mbele, kutoka FREE kwenda LOCK. Jipu nyingi zinazoonekana zimeshindwa zimeshindwa hapo tu: fimbo imevutwa, vifungo vimesahauliwa. Afazali kushuka Sake viatu vikiwa vikavu kuliko kushuka katikati ya potopoto mpaka magoti.

Land Rover

Wazee wa jimbo wanaikumbuka kabla ya Toyota kujaza barabara. Mwaka 1983 mashindano ya Camel Trophy, yaliyokuwa yanapeleka watu wa inchi mbalimbali kwenye njia mbaya za dunia, yalifanyika hapa kwetu, wakati inchi ilikuwa Zaire. Motokari zilizotumiwa zilikuwa Land Rover.

Defender, ambayo utengenezaji wake wa zamani ulimalizika Solihull, Uingereza, Januari 2016, iko na magurudumu manne yenye kuvuta wakati wote, bila kushuka kuzungusha kitu. Iko na resori pande zote nne, kwa hiyo magurudumu yanashuka ndani ya mashimo na kuendelea kugusa udongo. Mwili wake ni wa aluminiamu. Ukiweka Defender na Land Cruiser kwenye mifereji ileile, mipira ileile, muzigo uleule, na shofere anajua kazi, kusema kweli Defender ndiyo mara nyingi itaenda mbele kidogo. Wapenzi wa Toyota hawapendi kusikia hilo.

Lakini kuna mutego. Defender iko na diferansieli ya tatu katikati, na shofere asipoifunga mbele ya kuingia, gurudumu moja tu likiteleza linaweza kula nguvu yote. Tena, injini zake hazifanani. Ile ya 300Tdi, lita 2,5, ni ya mekaniki, na fundi wa kawaida anaielewa. Td5 iliyokuja mwaka 1998 inaongozwa na kompyuta. Ikizima Walikale kwa sababu ya waya moja, jembe na kamba havitasaidia.

Hapo ndipo Land Cruiser inashinda, na si kwa magurudumu. Inashinda kwa piesi. Mashirika ya misaada yamechagua Toyota kwa miaka mingi. Kampuni moja ya Gibraltar, Toyota Gibraltar Stockholdings, kazi yake ni kutayarisha motokari hizo kwa ajili yao. Motokari za mashirika zikizeeka zinauzwa, na hivyo muji unajaa jipu za namna moja, piesi za namna moja, na mafundi wenye kuzifungua bila kuuliza. Kuharibika kutafika tu. Swali ni kama piesi itakuja na pikipiki siku ileile, ao itangojewa kutoka Kampala.

Zingine

Nissan Patrol ya mwaka 1997 na kuendelea, yenye injini ya mazutu ya lita 4,2, haiko mbali na hizo mbili: ponti nzito mbele na nyuma, resori pande zote. Kosa lake Goma ni lilelile la Defender, piesi.

Hilux ni nyepesi na inapendwa, lakini bila muzigo nyuma yake inaruka na kuteleza. Mashofere wanaweka mifuko michache ya muchanga juu ya ponti ya nyuma, na inakuwa motokari nyingine. Muzigo ukizidi, tumbo linashuka, na faida inapotea. Prado iko na vitesi fupi na blokaji ya katikati, inapanda vizuri kuliko watu wanavyofikiri. Ila za miaka ya karibuni zimejaa waya na vyombo vya kupima, na iko chini kidogo kwa mifereji ya kamyo.

RAV4 ni motokari nzuri ya Goma na Rutshuru. Haina vitesi fupi, haina shasi ya vyuma kama zingine, na ikilazimishwa kwenye potopoto nzito vyombo vyake vinapata moto. Mutu asiuziwe kama jipu ya Masisi.

Suzuki Jimny inashangaza wengi. Ni ndogo, lakini iko na shasi, vitesi fupi na ponti nzima mbele na nyuma, na uzito wake ni kama nusu ya Land Cruiser. Kwenye sabuni ya Masisi inapita juu pale ambapo nzito zinachimba. Kwenye mifereji ya Walikale ni fupi na nyembamba mno: gurudumu moja linashuka mufereji, lingine linabaki juu ya mugongo, na motokari inalala upande.

Mipira na shofere

Mipira yenye kuisha inafanya Land Cruiser ya bei kali iwe sawa na taksi. Kwenye udongo wa kuteleza wenye chini ngumu, mupira mwembamba wenye meno marefu, kama ule wa 7.50R16, unakata potopoto na kufika kwenye udongo mugumu. Mupira mupana unaopendeza mujini unaelea juu yake. Mahali pa kuzama, kupunguza hewa kidogo kunasaidia, lakini lazima pompi iwepo ya kuirudisha. Minyororo kwenye magurudumu inafaa sana ku Walikale, na watu wa jipu wanaisahau wakati watu wa kamyo hawaisahau.

Treyi, ule mutambo wa kamba ya chuma mbele ya motokari, inataka kitu cha kushika. Porini miti iko. Kwenye malisho ya ngombe ya Masisi mara nyingi hakuna muti karibu, na hapo gurudumu la akiba linazikwa ndani ya udongo, kamba inafungwa kwake. Kazi ni ya saa nzima.

Mwenye kwenda kununua aombe ruhusa ya kulala chini ya motokari. Aangalie kama ponti zinatoa mafuta, kama shasi imechomelewa, kisha ajaribu ile fimbo ndogo, ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguliwa. Kwenye jipu nyingi za Goma fimbo hiyo haijavutwa kwa miaka, na imeshikana kwa kutu. Muuzaji akikataa ijaribiwe, motokari hiyo ihesabiwe kama ya magurudumu mawili, na bei yake vilevile.