Mkataba wa Damu: Historia ya Filamu ya Phantom of the Paradise

Mwishoni mwa Oktoba 1974, katika siku ambazo biashara ya muziki wa roki nchini Marekani ilikuwa imenenepa kwa mali na israfu, na wenye kampuni za santuri walikuwa na uwezo wa kumtawaza kijana asiyejulikana kwa msimu mmoja na kumvua taji msimu wa pili pasipo kuulizwa na mtu, ilianza kuonyeshwa sinema ya ajabu iliyoitwa Phantom of the Paradise. Mtunzi na mwongozaji wake, Brian De Palma, alikuwa na umri wa miaka 34. Alichanganya ndani yake mizaha na vitisho, nyimbo na mauaji, mavazi ya kupindukia na rangi zenye kuchoma macho, na kwa mchanganyiko huo akaisimamisha biashara nzima ya burudani mbele ya kadhi. Filamu hiyo ilikataliwa kwao, ikapata makao ugenini, na hukumu iliyoitoa ingali inastahili kusikilizwa.

De Palma amesimulia kwamba fikira ya filamu hiyo ilimjia ndani ya lifti, aliposikia wimbo wa Beatles umegeuzwa kuwa muziki laini wa kuwaliwaza abiria. Wimbo uliokuwa umewatikisa vijana wa mataifa mengi ulikuwa umepokonywa makali yake ukabaki bidhaa, na filamu nzima ni maelezo marefu ya upokonyaji huo. Kwa ajili ya kuupa umbo, aliazima kutoka vitabu vitatu mashuhuri: riwaya ya Mfaransa Gaston Leroux ya mwaka 1910, juu ya mtu aliyeharibika uso ambaye hujificha katika jumba la opera la Paris, tamthilia ya Goethe juu ya Faust, mwanachuoni aliyefunga ahadi na Shetani, na riwaya ya Oscar Wilde juu ya Dorian Gray, kijana ambaye picha yake huzeeka ilhali yeye habadiliki.

Kisa chenyewe ni hiki. Winslow Leach, mtunzi mnyofu asiye na fedha wala mlezi, amemaliza kutunga kantata ndefu juu ya Faust. Swan, mmiliki wa kampuni ya Death Records, anaisikia na kuitamani kwa ajili ya ufunguzi wa ukumbi wake mpya uitwao Paradise. Anaichukua bila malipo na bila kulitaja jina la mwenyewe. Winslow anapokwenda kudai haki yake anapigwa, anabambikiwa dawa za kulevya, anatiwa katika gereza la Sing Sing, na huko anang'olewa meno na kuwekewa ya chuma. Anatoroka, anavamia kiwanda cha santuri, na katika purukushani kichwa chake kinanaswa na mashine ya kukandamizia santuri, inayomchoma uso na kumharibu sauti. Tangu hapo anavaa joho jeusi na kofia iliyoundwa mfano wa kichwa cha ndege, na kuuandama ukumbi wa Paradise kama mzuka.

Mwovu wa kawaida wa sinema angemwinda mzuka huyo amwue, lakini Swan anamwajiri. Anamfungia kifuani chombo cha umeme ili apate kunena tena, na kumweka katika chumba kilichojaa mitambo ya muziki. Mitambo hiyo haikuwa ya bandia: ilikuwa sintesaiza kubwa mno iliyojulikana kwa jina la TONTO, ambayo mwanamuziki Stevie Wonder aliitumia katika albamu zake za miaka ileile. Kisha analetewa mkataba mnene. Winslow anaufungua, anakutana na kifungu kisemacho kwamba mambo yasiyotajwa yahesabiwe kuwa yametajwa, anauliza maana yake, naye anajibiwa kwamba kifungu hicho kimewekwa ili kumlinda. Anatia sahihi kwa damu yake. Msomaji asidhani kwamba jambo hilo ni mzaha mtupu, kwani wasanii wengi wa zama zile walitia sahihi karatasi wasizozielewa, na kupitia karatasi hizo wakapoteza haki ya nyimbo walizozitunga wenyewe.

Baadaye Winslow anajichoma kisu naye hafi, kwa sababu mkataba haumruhusu kufa maadamu Swan yu hai. Swan naye ni mtumwa wa mkataba mwingine. Mwaka 1953, akiwa amekata tamaa kwa hofu ya kuzeeka, alikusudia kujiua bafuni. Shetani akamtokea katika kioo kwa sura yake mwenyewe Swan, akamwahidi ujana wa daima, kwa sharti kwamba picha yake iliyomo katika kanda ndiyo izeeke badala yake. Kwa njia hiyo De Palma alionyesha dhuluma iliyopangwa kwa daraja, ambamo kila mnyonyaji ana bwana wake juu yake, na kila bwana anashika karatasi mkononi.

Walakini shutuma kali kuliko zote imewekwa katika usiku wa ufunguzi. Winslow alitaka nyimbo zake ziimbwe na Phoenix, binti mwenye sauti safi aliyeigizwa na Jessica Harper. Swan anampa nafasi hiyo Beef, mwimbaji wa majivuno na nywele zilizosukwasukwa. Mzuka anarusha kutoka juu umbo la radi lililotengenezwa kwa taa za neoni, na Beef anaungua kwa umeme jukwaani. Hadhira inapiga makofi! Watu wanadhani kifo hicho ni sehemu ya onyesho, au pengine hawajali kama ni sehemu yake au la, na Swan anajifunza papo hapo kwamba mauaji yanauzika kuliko nyimbo. Ndiyo maana anapanga kumwoa Phoenix mbele ya kamera za televisheni na kumfanya auawe kwa risasi wakati wa harusi. Risasi inampata mtu mwingine, damu inamwagika, na umati unaendelea kucheza.

Aliyemwigiza Swan ni Paul Williams, mtu wa kimo kifupi na nywele ndefu za rangi ya dhahabu, ambaye pia ndiye aliyetunga nyimbo zote za filamu hiyo. Williams aliijua biashara ile kwa ndani, maana alishiriki kuwatungia waimbaji wa Carpenters nyimbo za upole zilizopendwa na mamilioni. Ndani ya filamu, waigizaji walewale watatu wanatokea mara tatu kama kundi jipya la muziki, kila mara kwa mavazi mapya na mtindo mpya, na Williams aliwatungia kila mtindo kwa ustadi uleule, akithibitisha kwa vitendo jinsi soko linavyobadilisha nguo na kuuza kilekile. Ukumbi wa Paradise ulipigwa picha katika jumba la Majestic, huko Dallas. Mapambo yalibuniwa na Jack Fisk, na miongoni mwa waliomsaidia ni mkewe, Sissy Spacek, ambaye miaka miwili baadaye De Palma alimfanya mwigizaji mkuu wa filamu ya Carrie.

Biashara iliyodhihakiwa haikukawia kuigusa filamu yenyewe. Hapo awali kampuni ya Swan iliitwa Swan Song, lakini mwaka uleule wanamuziki wa Led Zeppelin walianzisha kampuni ya santuri kwa jina hilohilo, ikalazimu alama zilizokwisha kupigwa picha zifunikwe kwa alama ya Death Records, ndege aliyekufa. Kisha watazamaji wa Marekani hawakujitokeza, ijapokuwa muziki wake uliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Mji wa Winnipeg, nchini Kanada, ulikuwa na rai nyingine. Filamu ilianza huko Desemba 26, 1974, katika sinema ya Garrick, ikaendelea kwa zaidi ya miezi minne, na watoto waliokwenda kuitazama tena na tena waliinunua santuri yake kwa maelfu. Mwaka 2005, na tena 2006, watoto hao waliokwisha kuwa watu wazima waliwaalika waigizaji wake katika tamasha la kuwaenzi. Ufaransa nako vijana wawili waliitazama pamoja zaidi ya mara 20. Ndio walioanzisha kundi la Daft Punk, wakaficha nyuso zao ndani ya kofia. Walimshirikisha Williams katika albamu yao ya 2013, iliyoshinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka.

Mwaka 2009 Williams, aliyeigiza mwizi wa nyimbo, alichaguliwa kuwa rais wa ASCAP, chama kinachowakusanyia watunzi wa Marekani malipo ya kazi zao. Haki ya mtunzi, basi, hulindwa kwa chama na kwa karatasi inayosomwa kabla ya sahihi. Lakini hakuna chama kiwezacho kuizuia hadhira isishangilie maangamizi ya anayeiburudisha. Kila apendaye muziki na aitazame filamu hii, na atakapofika kwenye kifo cha Beef ayaelekeze macho yake kwa wanaopiga makofi, kwa maana hao ndio waliokusudiwa.