Kinyume (mchezo wa maneno)

Kinyume ni mchezo wa kupindua maneno unaojulikana Unguja, Pemba na kwingineko katika mwambao wa Waswahili. Kanuni yake ni moja: silabi ya mwisho ya neno huhamishiwa mwanzo. Kitabu huwa bukita, Konde huwa ndeko, Mkoani huwa nimkoa, kwa kuwa m ya mwanzo huhesabiwa silabi kamili. Anayesema “Nakwenda Wete kesho” husikika akisema “Ndanakwe tewe shoke”. Mkazo nao huhama, kwani hubaki kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo sikio la mgeni hupotea.

Neno la silabi mbili likipinduliwa mara mbili hurudi lilivyokuwa. Refu halirudi: karafuu huwa ukarafu, na ukiipindua tena hupata fuukara, jirani mno wa fukara kwa zao linalotegemewa Pemba. Kwa hiyo msikilizaji hana budi kufanya kazi ya upande wa pili, yaani kuirudisha silabi ya kwanza nyuma. Mama, baba, dada na kaka hazifichiki kabisa. Na neno la silabi moja, kama na, halina pa kwenda.

Edward Steere alikieleza kinyume katika kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili cha Unguja, kilichotoka 1870.