Njia ya Ubwari na Tadbiri ya Kuhifadhi Nguvu

Mwezi wa Aprili mwaka 1858, Richard Burton na John Speke walipotoka Ujiji kuutafuta mto Rusizi, wapiga makafi wa Kannena, mkuu wa Kawele, hawakulikata Ziwa Tanganyika moja kwa moja, bali waliambaa ukingo wa mashariki, wakilala nchi kavu, hata walipofika Wafanya katika nchi ya Warundi ndipo wakavuka kwenda Ubwari, ile rasi ndefu iikingayo ghuba ya Baraka, ambayo Burton aliidhania kuwa kisiwa, kisha wakaufuata ukingo wa magharibi mpaka Uvira. Njiani walisimama mara kwa mara kula, kuvuta na kuyakumba maji mtumbwini, na Burton akawalaumu kwa ajizi. Lakini alijuaye ziwa hili, ambalo dhoruba zake huinuka ghafula, huona humo tadbiri.

Tadbiri hiyo ya kwenda hatua fupi fupi na kupumzika ndiyo waliyoitungia hesabu mafundi wa vihisi visivyo na waya, yaani vyombo vidogo vipimavyo maji, joto au mtikisiko wa ardhi na kupeleka habari kwa redio, vikitegemea betri ambayo aghalabu ni taabu kuibadilisha. Mahali peupe, masafa yakiwa maradufu, nguvu ya kurusha habari huwa mara 4. Basi kihisi kikimkabidhi habari jirani aliye katikati ya njia, jumla ya nguvu ya kurushia ya wote wawili hupungua kwa nusu. Hata hivyo kupokea nako hula betri, na vituo vikizidi, faida hupotea. Aidha, kituo kinachobebeshwa mizigo ya wote hufa mapema na kuwakatia wengine njia. Kwa sababu hiyo mwaka 2000 Wendi Heinzelman na wenzake wa MIT, Marekani, walitangaza utaratibu wa LEACH, ambamo uongozi wa kila kundi la vihisi hushikwa kwa zamu, na kihisi ambacho si kiongozi huzima redio yake mpaka saa yake ya kusema ifike.

Jirani zetu wa Uvira walipatwa na mafuriko makubwa Aprili 2020, na elimu ya kupima mito na kimo cha ziwa kwa vihisi hivi si anasa kwa watu wa pwani hii. Nawasihi walimu na wanafunzi wa Fizi na Baraka, watakapoishika kazi hiyo, waulize kwanza habari itapita wapi na nani atapumzika lini, ndipo waulize ukubwa wa betri.