Wibari, pimbi, perere: jina lilikotoka

Zaburi ya 104 ikisomwa kanisani, wengi wetu husikia "wibari" na kudhani ni mnyama wa nchi za mbali. Sivyo. Ni pimbi yule yule anayeota jua juu ya mawe ya nyika yetu: ana umbo la sungura, ila hana mkia wala masikio marefu.

Wibari limetoka kwenye Kiarabu, wabr. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zikigandana mwishoni mwa neno, hivyo likatiwa irabu, kama qabr ilivyokuwa kaburi na fajr ikawa alfajiri. Neno hilo lina ndugu yake, wabar, manyoya laini ya ngamia. Ndiyo maana Mabedui wa mahema huitwa ahl al-wabar, watu wa manyoya.

Kwa Kiebrania huitwa shafan. Ulaya hakuna mnyama huyu, na hapo watafsiri walikwama. Martin Luther aliandika neno la Kijerumani la sungura, na Biblia ya Kiingereza ya 1611 nayo ikamfanya sungura. Walowezi wa Kiholanzi kule Afrika Kusini walimwita kwa jina la mnyama wa kwao mwenye kuchimba mashimo, das. Leo ni dassie. Wacheki na Wafaransa humwita daman, ambalo kamusi hulirudisha kwenye Kiarabu, kondoo wa Israeli. Sungura, kondoo, na kumbe jamaa zake wa karibu kisayansi ni tembo na nguva!

Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya 1952 walikuwa na jina lake halisi mkononi, wakalitumia. Kwetu sisi walichagua vizuri, ingawa midomoni mwa watu limebaki pimbi, tena mitaani ni tusi la kumdharau mtu mfupi au asiye na maana.

Perere ni jamaa yake wa mitini, wa misitu ya milimani. Huyu aliponzwa na ngozi na nyama yake, na katika misitu ya Tao la Mashariki mitego bado inamwandama, ingawa kumwinda bila kibali ni kosa kisheria. Kumwona ni nadra. Watafiti humhesabu usiku kwa masikio, wakisikiliza ule mlio wake mkali wa kukwaruza.