Macho ya Angani na Wanaoyasoma

Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya kupima makoloni yake, chini ya Martin Hotine, na ndege za kijeshi zikapiga picha sehemu kubwa za Afrika Mashariki. Picha zilipigwa huku. Ramani zikachorwa Uingereza. Ujuzi wenyewe ulibaki ng'ambo.

Mwaka 1950 Willem Schermerhorn, waziri mkuu wa zamani wa Uholanzi, alianzisha mjini Delft chuo cha kufundisha upimaji kwa picha za angani, ITC, ambacho baadaye kilihamia Enschede. Kilipokea watu wazima waliokwisha kuajiriwa, wapimaji kutoka nchi zinazoendelea. Kwangu, wazo hilo lina uzito kuliko setilaiti yoyote.

Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya Landsat. Waliozoea kukagua jozi za picha za ndege sasa walitakiwa kusoma mwanga ambao jicho halioni. Miaka mitatu baadaye kikazaliwa Nairobi kituo cha kikanda cha upimaji na ramani, leo RCMRD huko Kasarani, na watumishi wa serikali wakapata mahali pa kujinoa bila kuvuka bahari.

Hata hivyo picha zilikuwa ghali. Hadi 2008 picha moja ya Landsat iliweza kugharimu dola 600. Mwaka huo zikaanza kutolewa bure, na kuanzia 2014 Ulaya ikaongeza za setilaiti zake za Sentinel. Kikwazo cha bei kikaondoka, cha ujuzi kikabaki.

Hapo ndipo tunapokosea. Tunawasaka vijana wa kompyuta na kuwasahau wazoefu. Misitu ya miombo hupukutisha majani kiangazi, na programu inaweza kudhani imefyekwa. Bwana misitu aliyezeeka kazini hadanganyiki, kwa kuwa anaijua kwa miguu yake. Mfundishe kuandika programu kidogo, umpe miezi michache ya likizo yenye mshahara, naye atakufaa upesi kuliko mgeni wa msitu.

Dar es Salaam ilionyesha njia. Tangu 2015, mradi wa kuchora ramani, Ramani Huria, uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa inayofurika, kama Tandale. Mwanafunzi alileta kifaa. Mkazi alijua maji hupita wapi. Anayetafuta ajira katika fani hii ya kusoma picha za angani leo, awe mkulima, muuguzi au mhandisi wa maji, asianze na setilaiti. Aanze na swali la kazi yake ambalo halijapata jibu, kisha atafute kozi ya kulijibu.