Karata, Shujaa na Mchoraji: Historia ya Haki za Msanii katika Taroti za Mashujaa wa Katuni

Utangulizi

Jozi ya taroti ina karata 78: turufu 22 zenye sura kama Mpumbavu, Kifo na Jua, pamoja na karata 56 za mafungu manne, yaani vikombe, sarafu, panga na fimbo. Tangu miaka ya 1990, kampuni za Marekani zinazomiliki mashujaa wa vitabu vya katuni zimechapisha, au kuruhusu zichapishwe, jozi ambamo nafasi za wafalme na malaika wa kale zinashikwa na mashujaa hao. Makala haya yanatoa hoja kwamba jozi hizo zimerithi mambo mawili yenye historia ndefu: ufundi wa kuifanya kila karata isimulie kisa, na desturi ya kumlipa msanii mara moja kisha kumsahau.

Kwa msemaji wa Kiswahili mafungu hayo si mageni. Majina kopa, uru, shupaza na pau yametokana na Kireno, na asili yake ni kikombe, dhahabu, upanga na fimbo. Ijapokuwa karata zinazochezwa barazani leo zina alama za Kifaransa, majina yake yamehifadhi mafungu yale yale yaliyomo katika taroti.

Kutoka mchezo hadi ramli

Taroti ilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15. Miongoni mwa jozi kongwe zilizosalia ni zile zilizochorwa kwa ajili ya koo za Visconti na Sforza, watawala wa Milan. Ulikuwa mchezo wa karata, si chombo cha kupigia ramli. Mwaka 1781 mwanazuoni wa Kifaransa, Antoine Court de Gébelin, alidai kuwa turufu hizo zilikuwa hekima iliyofichwa na makuhani wa Misri. Dai hilo halikuwa na ushahidi. Wakati huo maandishi ya Misri ya kale yalikuwa bado hayajasomeka, hadi Champollion alipoyafumbua mwaka 1822. Hata hivyo lilienea, na muda mfupi baadaye mpiga ramli wa Paris aliyejiita Etteilla alichapisha mwongozo wa kutabiri kwa karata. Hivyo asili ya kubuni ilifunika kazi ya mafundi wa Italia.

Mchoraji wa mwaka 1909

Jozi iliyoathiri zaidi taroti ya kisasa ilitolewa London mwaka 1909 na kampuni ya William Rider & Son. Arthur Edward Waite alitoa maelekezo, na Pamela Colman Smith akachora. Smith, aliyezaliwa London mwaka 1878, aliishi Jamaika kwa muda katika ujana wake, na mwaka 1899 alichapisha kitabu cha ngano za Anansi, buibui mjanja ambaye visa vyake vilivuka bahari pamoja na watumwa kutoka kwa Waakan wa Ghana ya leo. Usimuliaji huo unaonekana pia katika karata zake. Katika karibu jozi zote zilizotangulia, karata za namba zilikuwa na alama tupu: vikombe vitatu, panga tano. Smith aliweka humo watu, mandhari na matukio. Kila karata ikawa kama fremu moja ya katuni.

Mkataba haukulingana na mchango huo. Smith alilipwa kiasi kidogo kwa mkupuo, bila mrabaha, na kwa miongo mingi jozi hiyo iliitwa kwa majina ya mchapishaji na Waite pekee. Alifariki mwaka 1951 akiwa na madeni, na mali zake zikauzwa kuyalipa.

Mashujaa waingia katika karata

Upande wa katuni ulikuwa na kisa kinachofanana na hicho. Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Ni mwaka 1975 tu ambapo kampuni iliyomiliki DC, kutokana na shinikizo la umma, ilikubali kuwalipa posho ya kila mwaka na kurejesha majina yao katika kazi hiyo.

Mikondo hiyo miwili ilikutana mwaka 1995, DC ilipotoa jozi ya Vertigo. Michoro ilikuwa ya Dave McKean, na maelezo yaliandikwa na Rachel Pollack, mtaalamu wa taroti ambaye pia alitunga hadithi za kundi la mashujaa la Doom Patrol. Mwaka 2007 Marvel ilichapisha kitabu kilichoandaliwa na David Sexton kikiwapanga wahusika wake katika nafasi za taroti. Safari hii wasanii walitajwa. Hata hivyo, wahusika waliochorwa walibaki mali ya kampuni, na Siegel na Shuster hawakuweza kukisia kuwa siku moja shujaa wa katuni angekuwa karata ya ramli.

Hitimisho

Hapo ndipo penye funzo kwa watunga sera wa kanda hii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 zinalinda haki ya msanii kutajwa, lakini haki za kiuchumi zinaweza kuhamishwa kwa mkataba. Msanii anayeuza "haki zote" huuza pia matumizi ambayo bado hayajabuniwa. Sheria ya Marekani ya 1976 iliruhusu watunzi waliohamisha haki zao kuzidai tena baada ya miaka 35, isipokuwa kwa kazi zilizofanywa chini ya ajira. Kipengele cha namna hiyo, pamoja na sharti la kutaja kila aina ya matumizi ndani ya mkataba, kinastahili kujadiliwa wakati ambapo wahusika wa katuni na ngano za Kiswahili wanaanza kutafutiwa masoko katika filamu na michezo ya kompyuta. Haki ya kutajwa pekee isingemlipia Smith madeni yake.