SEHEMU YA 4: Ile "bonyeza mara saba" ilitoka wapi?

Mama, baada ya sehemu ya tatu kuhusu simu na usingizi, wengi mmeniuliza inbox: "Nesi, fundi kaniambia nibonyeze mahali mara saba simu iwe nyepesi. Ni salama?" Ngoja nianzie mbali kidogo, maana hiyo mara saba ina historia yake.

Mwaka 1985 ilipotoka Windows ya kwanza, ukitaka kubadilisha kitu ambacho hakimo kwenye menyu ulifungua faili la maandishi, WIN.INI, ukaandika kwa mkono wako. Programu nazo zikawa zinaandika mambo yao humohumo, faili likajaa kama rejista ya kliniki mwisho wa mwezi. Windows 95 ilipokuja, mengi yakahamishiwa kwenye ghala moja kubwa la ndani, linalofunguliwa kwa programu iitwayo regedit. Hapo ndipo kazi! Humo hakuna "hifadhi" wala "tengua". Ukibadilisha, imebadilika papo hapo. Microsoft wenyewe walionya kwamba kosa dogo linaweza kukulazimu uweke Windows upya.

Baadaye baadhi ya wahandisi wao wakatoa Tweak UI, programu ya bure iliyoleta mabadiliko hayo ya kificho kwenye visanduku vya kuweka tiki. Ila kampuni haikuahidi kukusaidia ukiharibu. Mimi naona walikuwa waungwana: kitu hiki hapa, ukikigusa ni juu yako.

Sasa simu zetu. Kwenye Android, ukurasa wa wasanidi programu ulikuwa wazi kwa kila mtu. Toleo la 4.2, mwaka 2012, likauficha: unaenda "Kuhusu simu", unabonyeza namba ya muundo mara 7, ndipo unafunguka. Ni kama kile kifuniko cha dawa cha kubonyeza huku unazungusha. Mtu mzima ataweza, mtoto atachoka. (Wa kwangu hachoki, lakini tuendelee.)

Humo ndani si kubaya kote. Fundi wako pengine anapunguza muda wa michoro ya kufungua na kufunga kurasa. Simu itaonekana nyepesi, ingawa nguvu yake ni ileile. Hata kuifanya skrini iwe nyeusi na nyeupe kulianzia humo: ilikuwa njia ya wasanidi kuona programu zao kama anavyoziona asiyetofautisha rangi. Watu wakaipenda kwa kupunguza uraibu wa simu, na mwaka 2018 Google wakaileta mbele kwenye mipangilio ya kulala. Mama unayenyonyesha saa nane usiku, hiyo itumie bila wasiwasi.

Viwili usiviguse. Utatuzi wa USB unairuhusu kompyuta kuiamrisha simu yako, kwa hiyo ukiulizwa "ruhusu kompyuta hii?" na huijui, kataa. Cha pili ni kufungua OEM. Swichi peke yake haifuti kitu, lakini inamfungulia fundi njia ya hatua inayofuata, na hatua hiyo inafuta kila kilichomo. Picha ya mtoto ana siku moja, video ya hatua yake ya kwanza, vyote. Hakopi kwanza mahali pengine? Usimwachie simu.

Na kama ukurasa umeshafunguliwa, juu kabisa kuna swichi yake. Izime leo kabla mtoto hajaamka.